Chupa Yenye Herufi B

Jumatatu, 3 Machi

Amefika. Profesa kaingia naye saa tatu kasoro robo, kamshika bega kama anatembeza zawadi. Eti huyu ndiye daktari wetu mpya, amerudi juzi kutoka masomoni, sasa utafiti wetu wa chaneli utakimbia. Utakimbia! Kwani miaka kumi na miwili nani alikuwa anausukuma?

Nitamwita Mgeni. Jina lake nalijua, ila humu kwenye daftari langu halitaingia. Ni binti wa miaka thelathini na moja, meno yamepangika, anacheka na kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Kanisalimia vizuri — shikamoo kabisa, na mkono. Halafu akaenda kukaa kwenye stuli yangu. Ile ya mbele ya hadubini, niliyoishonea mto mimi mwenyewe. Hakujua, sawa. Lakini mto si unaonekana una mwenyewe? Nikasimama asubuhi nzima nikijitia kupanga vyombo.

Si wivu. Naandika tu kilichotokea.

Jumatano, 5 Machi

Seli zimejaa vizuri kwenye chupa zake. Ni seli za saratani ya tezi dume, nazilea kwenye kabati la joto, nazilisha kila baada ya siku mbili, Jumapili na sikukuu nakuja vilevile. Ndiyo maana wananiita Mama Seli. Nilizoea kulipenda jina hilo. Leo Mgeni kaniita hivyo mbele ya watu, wakacheka, sikulipenda tena.

Kwenye kikao katusomesha. Seli ina chaneli kwenye ngozi yake, kalsiamu inapita humo kuingia ndani, ikishaingia seli inapata amri ya kuzaana. Tukizifunga chaneli — kwa dawa ya presha hii hii ya kawaida — huenda tukaipunguzia saratani kasi. Watu wanatikisa vichwa, wanaandika. Haya yote ninayajua tangu yeye yuko sekondari! Hakuna aliyewahi kuniita mbele niyaseme.

Nyumbani nikamweleza baba watoto, nikiwa nimevimba. Akauliza, "Chaneli gani hizo, za mpira?" Nikacheka bila kupenda.

Nilikuwa nacheka hivyo simu ilipolia. Kaka. Majibu ya kipimo chake yametoka. Ni saratani. Tezi dume.

Kaka yangu mmoja tu niliye naye. Daktari wa upasuaji kamwambia imewahiwa, haijatoka nje ya tezi, ikitolewa sasa atapona. Kulazwa tarehe 26, kupasuliwa tarehe 27. Kaka anacheka kwenye simu: "Mdogo wangu, nimekuletea kazi nyumbani." Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Ijumaa, 7 Machi

Ratiba ya hadubini imebadilishwa. Asubuhi zote za Mgeni. Mimi jioni, "kama nafasi ipo".

Na ile nafasi ya mafunzo ya miezi sita ambayo Profesa aliniahidi tangu mwaka juzi — nimemkumbusha leo. "Tutaangalia, Mama Seli." Wakati anasema hivyo macho yake yalikuwa kwa Mgeni, anayechora kwenye ubao.

Haya basi, niseme. Ni wivu. Namwonea gere yule binti mpaka chakula hakipiti. Namwonea gere mwandiko wake, koti lake jeupe lisilo na doa, vile anavyosema "hapana Profesa, sidhani" na Profesa anakubali! Mimi nikisema sidhani naambiwa nikalishe seli. Nikimsikia anacheka chumba cha pili roho inanisokota.

Jumanne, 11 Machi

Hili lazima niliandike lote.

Maji ya chumvi ya kuogeshea seli nayatengeneza mimi, aina mbili. Ya kwanza yana kalsiamu, ya pili hayana. Kwenye chupa naandika herufi moja tu. N, yaani "na". B, yaani "bila". Miaka yote ni hivyo, na kila mtu humu anajua. Kila mtu wa zamani.

Asubuhi nimemwandalia Mgeni visahani vinane vya seli, vyote vimo kwenye maji ya N. Rangi nimeshatia, ile inayong'aa kalsiamu ikiingia ndani ya seli. Vinne avichokoze hivyo hivyo, kwa kemikali ya kufungulia chaneli, ving'ae, viwe vya kulinganishia. Vinne avimwagie dawa ya presha kwanza, ndipo avichokoze. Vikikaa giza, dawa imefunga chaneli. Kazi ya mtoto.

Akafungua friji kutafuta maji ya kuyeyushia dawa. Akatoa B. Kaiinua kwenye mwanga, kasema peke yake, "B. Bafa. Safi."

Bafa! Maji ya kawaida ya maabara. Yangu ni B ya bila, yeye kaisoma bafa! Akayeyusha dawa yake humo. Akamwaga yale maji ya N kutoka visahani vinne, akajaza yake. Sasa visahani hivyo, vichokoze utakavyo, having'ai. Wala si kwa sababu dawa imefunga kitu. Hakuna kalsiamu ya kuingia! Hata ungemwagia dawa ya kikohozi ungepata giza hilo hilo.

Mimi nilikuwa karibu kabisa, kwenye sinki. Nikafungua mdomo. "Daktari, hiyo chupa..." Kageuka na tabasamu lake. "Usijali dada, haya nayajua, nimeyafanya miaka minne."

Tena kwa upole! Nikaufunga mdomo. Anajua. Basi ajue.

Nikaendelea kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Vinne vimewaka, vinne giza tupu. Profesa kapiga meza kwa kiganja, kaita mpaka watu wa masjala waje waangalie kwenye skrini. Watu wanapiga makofi. Na mimi nimepiga.

Nilichokuwa nakifikiria ni hiki: atarudia, atashtuka mwenyewe, atasutwa kidogo, mikogo itapungua. Nitarudishiwa stuli yangu. Ni hilo tu nililolitaka, haki ya Mungu.

Ijumaa, 14 Machi

Karudia. Majibu yale yale. Yangekuwaje mengine, na chupa ni ile ile?

Nikarudi kwenye sinki langu.

Jumatatu, 17 Machi

Chupa imekwisha. Kaja kwangu na chupa tupu, kainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeomba. "Dada, naomba unitengenezee B nyingine. Lita mbili. Ya kwako ni safi kuliko ya kununua."

Na mjinga mimi nikafurahi kusifiwa! Kwa dakika nzima nilimpenda. Nilikuwa niseme, mdomoni imefika: daktari, B ni bila. Maneno matatu hayo. Ndipo Profesa akapita mlangoni. "Mama Seli, unaona kijana anavyochapa kazi? Jifunze."

Nijifunze!

Nikapima chumvi zote kwa mizani, moja baada ya moja, gramu kwa gramu. Ya kalsiamu nikairuka. Nikakoroga, nikachuja, nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika B kubwa kwa mkono wangu. Nikamkabidhi. Kaniambia asante mara mbili.

Ya Jumanne iliyopita ningeweza kusema nilipitiwa. Ya leo siwezi kusema hivyo. Profesa anaandaa muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa kimataifa.

Jumamosi, 22 Machi

Jana kaka alikuja hospitali kupimwa damu kabla ya upasuaji. Taasisi yetu ni ng'ambo ya uwanja tu, akaona apite anione. Mimi nilikuwa chumba cha seli na glovu, hawezi kuingia. Nani kamkuta koridoni? Nani kampa kiti na chai? Nani kamchorea?

Leo nimekwenda kwao. Mchoro umebandikwa kwenye friji! Duara moja, vilango pembeni, na vitone vinavyotaka kuingia. Kaka ananionyesha kama cheti cha mtoto. "Miaka yote unaniambia chaneli, chaneli, sielewi kitu. Yule binti dakika kumi tu nimeelewa. Milango! Si ungesema milango, mdogo wangu?"

Iliniuma hiyo. Profesa, sawa. Watu wa masjala, sawa. Lakini hata kaka yangu wa tumbo moja! Amekaa anamsifu: binti ana heshima, hana maringo, anaeleza mtu akaelewa. Nikamwambia mbona hamjui, mimi namjua, ni wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaka akamgeukia wifi, wakacheka. "Kishaanza! Tangu binti wa watu afike, wimbo ni stuli yangu, hadubini yangu, nafasi yangu." Kweli, kila jioni nilikuwa nawapigia nikimsema.

Halafu kaka kainuka, kaenda kabatini, karudi na pakiti ya vidonge vyake vya presha. Kaiweka mezani mbele yangu.

"Dawa yenyewe si ndiyo hii? Naimeza kila asubuhi, huu mwaka wa tano. Kumbe najitibu na sijijui!"

Nikamuuliza, binti kakwambiaje hasa? Kakiri kwamba binti alisema bado ni seli kwenye kisahani, bado sana. Lakini kaka alikuwa anapunga mkono wakati ananiambia hivyo, kama anafukuza inzi. Nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi kapiga simu kazini. Analia. Kaka kamwambia daktari wa upasuaji kwamba anasogeza mbele, anataka kuona miezi sita vidonge vitafanya nini. Daktari kajibu kitanda hakingoji mtu: Jumatano saa kumi na moja jioni asipoonekana, anapewa mwingine, na zamu ikirudi hajui ni lini na ugonjwa utakuwa umefika wapi.

Wifi anasema, ongea naye wifi yangu, wewe ndiye wa mambo hayo, atakusikia.

Ni kisu anachokiogopa. Na yale ya baada ya kisu. Kamwambia mkewe usiku wamelala: sitaki kuvaa pampasi, sitaki kuwa nusu mtu kitandani kwangu. Mzaha wote ule kumbe ana hofu hivyo! Akaona vilango vya Mgeni akavishikilia kwa mikono miwili. Na vilango hivyo vimetoka kwenye chupa yangu.

Kesho namwambia Mgeni. Liwalo na liwe.

Jumanne, 25 Machi

Nimeamka na maneno yangu tayari. Nimeyasema mbele ya kioo. Saa mbili na nusu nimeingia, yuko mbele ya kompyuta. Kabla sijafungua mdomo kainuka. "Dada, kaa hapa, hii ni stuli yako, nimeambiwa. Mbona hukusema?"

Nikakaa. Kanionyesha skrini. Ni ule muhtasari wa mkutano. Juu kuna majina matatu. Lake. La Profesa mwishoni. Katikati — langu. Limeandikwa lote, mpaka la babu.

Miaka kumi na miwili. Makala sita zimetoka kwa seli zangu, na mimi niko kwenye shukrani chini kabisa, pamoja na fundi wa majokofu. Mgeni anaeleza kwa sauti ndogo: Profesa alikataa, alisema mafundi hawawekwi. Yeye akamwambia bila yule mama hakuna kazi, asipowekwa na mimi nitoeni.

Nimelisoma jina langu mara tatu. Nilijua nikisema linafutika, na kazi nzima inafutika nalo.

Nikasema asante.

Nikatoka, nikaenda kujifungia stoo kati ya maboksi. Sijui hata nilikuwa nalia nini. Kama angekuwa mtu mbaya ningepumua! Lakini hapana, na wema nao kanishinda. Hata hilo namwonea wivu. Mimi katika nafasi yake nisingemweka mtu, najijua.

Kaka sijampigia. Wifi kapiga mara nne.

Jumatano, 26 Machi

Niko bafuni kwa kaka, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Saa kumi kasoro dakika kumi. Kutoka hapa hospitali ni dakika arobaini. Taksi iko nje, dereva kazima injini. Begi liko kitandani, halina kitu.

Nimefika saa nane. Nimemwambia mbele ya wifi, bila kuzunguka: kaka, yale majibu si ya kweli, zile seli zilikuwa kwenye maji yasiyo na kalsiamu, B ni bila, binti kasoma bafa. Vidonge vyako havijafunga chochote. Twende.

Kanitazama kwa huruma. Huruma! "Mdogo wangu, wewe na wifi yako mmekaa mkapanga."

Nikaapa. Akatikisa kichwa. Nikasema basi tumuulize mwenyewe, nikampigia Mgeni, nikaweka sauti kubwa. Nikamweleza yote, B na N. Nikasikia mlango wa friji, nikasikia chupa zinagongana. Halafu sauti yake, pole pole: "Bila?"

"Bila."

"Hapana, dada. Haiwezekani. Zile lita mbili si nilikuomba wewe? Ukanitengenezea kwa mkono wako. Ungeniambia."

Hakuwa ananisuta. Ndilo linaloniua. Alikuwa ananitetea!

Kaka kapiga paja. "Umesikia? Ndicho ninachokisema na mimi. Huyu ana wivu, ndiyo, tangu utotoni anao, nikishonewa nguo mpya halali. Lakini ni wivu wa mdomo. Aone mtu anakosea jambo kubwa kama hili, anyamaze wiki mbili, na mimi nikiwa naumwa ugonjwa huo huo? Dada yangu hana roho hiyo. Kwa hiyo chupa haina tatizo. Mnanidanganya ili nikakatwe."

Mgeni kamwambia, kaka, hospitali nenda tu, chupa na hospitali ni mambo mawili. Kaka kajibu atakwenda akishajua ukweli ni upi. Mgeni kasema basi anaanza sasa hivi, anarudia visahani vyote kwa maji ya N, majibu yatatoka saa moja usiku. Saa moja! Kitanda kitakuwa na mtu.

Hapo ndipo kaka kaniambia lile neno. Alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa soksi tayari, viatu viko mbele yake, nadhani wifi ndiye aliyeviweka. Kaniangalia usoni. "Niambie kwamba uliiona chupa siku ile, ukajua, ukanyamaza. Niambie hivyo, navaa viatu sasa hivi."

Nikasema nakwenda bafuni mara moja. Mkoba nilikuwa nao begani, daftari likiwamo.

Simu nimeiacha mezani, bado iko hewani. Namsikia Mgeni anaongea naye. Anamwambia asiogope, hata ile hali ya baada ya upasuaji wengi hupona taratibu. Na kaka anamuuliza maswali! Yale yale ya aibu, ambayo hajawahi kuniuliza mimi, anamuuliza yeye kwa sauti ya kawaida kabisa. Hata sasa, na haya yote niliyoyafanya, roho inaniuma kwamba anamuuliza yeye.

Saa kumi kamili. Dereva anapiga honi.

Miguu inakuja. Ni ya kaka, hana viatu. Kasimama nje ya mlango, naona kivuli chake chini ya mlango. Hagongi kwa nguvu.

"Mdogo wangu. Uliiona au hukuiona?"

Nimejibu nakuja. Sijainuka.